Martini ya Wakwe

Nianze na aibu yenyewe, anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Mimi, mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, mwenyekiti wa kina mama kanisani, niliyewahi kumtoa mtu kwenye kwaya kwa sababu alikuja mazoezini ananuka pombe ya mnazi, nililewa mchana kweupe, nyumbani kwangu Bongwe, mbele ya wakwe. Sikutiliwa dawa, sikudanganywa, wala sikudhani ni maji. Nilijua ni pombe, nikaikoroga kwa mkono wangu na kuimeza kwa koo langu, na sababu niliyokuwa nayo siku ile niliiona nzuri sana. Kulewa kwenyewe si kitu. Lililokuja baada ya kulewa ndilo linalonifanya nikae hapa kibarazani nimeshika shavu.

Nina mjukuu mmoja niliyemlea, Nyamvula. Mamake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, nikamlea kwa maziwa ya mbuzi kule kwetu upande wa Kinango, ukame ulipozidi tukahamia huku Bongwe, akasoma, akamaliza, akaenda kujifunza kazi hotelini Diani. Kazi gani? Ya baa. Siku aliponiambia nilimkemea mpaka kuku wakakimbia. Nikamwambia, "Nimekulea kwa uji na maombi ili ukawatilie watu pombe?"

Akasema, "Nyanya, mimi natia tu, sinywi."

"Anayeshika ngazi na anayepanda kuiba, wote ni wezi."

Akacheka, akanibusu kwenye kilemba, akaenda kazini. Ndivyo alivyo, humkemei ukashinda.

Sasa huko hotelini kulikuwa na kinywaji kinachoitwa martini, ambacho mkubwa wao alikitumia kupima watu: ukijua kukitengeneza unabaki baa, usipojua unarudishwa kuosha vyombo. Basi mtoto akawa anafanya mazoezi nyumbani, kwa maji. Chupa mbili, zote maji, jagi la kioo, kijiko kirefu, na barafu anayokwenda kuomba kwa jirani yetu Mwanamisi, mwenye friji la kuuza maji baridi. Mimi nakaa na ungo wangu napepeta mchele, yeye anakoroga na kusema kwa sauti kama mtoto anayekariri: hii chupa ni jin, vipimo vitano, hii ni vamuthi, divai nyeupe ya mitishamba, kipimo kimoja, barafu jagi zima, koroga taratibu, usitikise, mpaka jagi litoe jasho, chuja kwenye glasi iliyopozwa, kata ganda la ndimu, lipinde juu ya glasi mafuta yake yaruke, kisha litumbukize. Miezi miwili nilisikia hayo. Nikayajua kama ninavyoijua sala ya Bwana, hata siku akikosea mimi ndiye namrekebisha, "Umekoroga haraka, jagi halijatoa jasho." Lakini mjue, niliyoijua mimi ilikuwa martini ya maji.

Akapata hiyo kazi. Na huko huko akampata Kelvin, fundi wa mafriji, kijana wa bara, mpole, anayeamkia watu vizuri (shikamoo yake ilikuwa inasikika kutoka barabarani). Sikuwa na la kumlaumu. Nilitafuta, sikupata. Kisha Kelvin akapewa kazi kwenye hoteli moja ya Naivasha, akasema kabla hajaondoka anataka wazee wake waje kuposa, na wakioana watakwenda pamoja.

Mimi nikasema, "Vizuri, waje." Basi. Hilo tu. Nyamvula aliniuliza mara tatu, "Nyanya, kweli umekubali? Huna neno?" na mara tatu nikamjibu, "Neno gani? Msichana huolewa." Nikainuka nikaenda kuwafungia mbuzi.

Wageni wakapangiwa Jumamosi. Kwetu Waduruma posa haiendi mikono mitupu, na haiendi na soda. Upande wa mume huja na mnazi, na hata sisi tuliookoka mnazi huo huletwa, maana ni heshima ya wazee, ila tukishaupokea huachiwa wanaokunywa. Msichana hukaa chumbani. Kwanza wageni hukaribishwa, hunyweshwa cha kuondoa vumbi la safari. Cha posa chenyewe huwekwa kando, kimefunikwa, mpaka msichana aitwe aulizwe mbele ya watu wote, "Hiki kinywaji cha hawa, tunywe?" Huulizwa mara tatu. Mara mbili hunyamaza, ndiyo adabu, mara ya tatu husema "Nyweni." Akisema hivyo, amekubali. Kikikataliwa, humwagwa chini, na wageni huaga.

Kaka yangu Tsuma alitoka Kinango asubuhi kuja kusimamia, maana ndiye mzee wetu aliyebaki. Kina mama watatu wa kanisani walikuja kunisaidia kupika, na Mwanamisi akashika sufuria ya wali wa nazi, kwa sababu wali wake hakuna anayebishana nao. Mimi tangu alfajiri sikutia kitu tumboni. Nilikuwa nafagia palipokwisha kufagiwa.

Saa sita wakafika. Mzee Mutiso, babake Kelvin, mtu mrefu aliyestaafu kazi kubwa, amevaa koti katika joto lile, mkewe, mama mtaratibu, Kelvin, ami zake wawili, na msemaji wao. Tukasalimiana, wakakaa chini ya kivuli cha turubai nililoazima kanisani. Msemaji akasimama na mfuko wa karatasi unaong'aa, akautua mbele ya Tsuma.

Tsuma akachungulia. "Mnazi uko wapi?"

Kelvin akainamisha kichwa. Mzee Mutiso akasema, "Mzee, kusema kweli mnazi tuliununua. Lakini ulianza kufura ndani ya gari, ukamwagika, na mimi tumbo langu haliuwezi. Nimeleta ninachokunywa mwenyewe. Sikuleta cha rahisi. Kinywaji ni kinywaji, si ndiyo?"

Ndani ya mfuko kulikuwa na chupa za jin, chupa ya vamuthi, na hata ndimu, nadhani mkewe ndiye aliyezikumbuka. Tsuma akaniangalia. Mimi nikamwangalia Tsuma. Mzee yule hakuja kwa dharau, nalisema hilo sasa nikiwa na akili zangu, lakini siku ile niliona kama amekuja na maji yake mwenyewe kisimani kwangu.

"Hiki hunywewaje?" Tsuma akauliza.

"Martini," akasema mzee. "Msisumbuke, nitatengeneza mwenyewe. Ni kazi yenye utaratibu wake."

Hapo ndipo. Kama ningesema, "Haya, baba, tengeneza," leo ningekuwa nashona sare za harusi. Lakini mgeni ajitilie kwangu? Tena kwa utaratibu ambao mimi nimeusikiliza miezi miwili na ungo mapajani? Nikasimama, nikafunga leso kiunoni, nikasema, "Baba, kaa. Nitakoroga mimi."

Kina mama wa kanisani waliacha kukuna nazi. Mmoja akasema polepole, "Mwenyekiti?"

"Nini? Kukoroga ni kunywa?"

Nikamtuma Mwanamisi barafu. Akaniletea beseni zima, lakini chupa hakuzigusa, alisimama mbali na mkono kiunoni. "Dada, mimi Mwislamu, hiyo sishiki hata kwa kitambaa. Na wewe mlokole unaishika kwa mikono miwili."

"Nenda kwenye wali wako, utaungua."

Nikakoroga. Na niseme ukweli, nilikoroga vizuri. Tano kwa moja, barafu jagi zima, taratibu, mpaka jagi likatoa jasho na vidole vikaniuma kwa baridi. Glasi nilizizika kwenye barafu kwanza. Ganda la ndimu nilikata jembamba, nikalipinda juu, mafuta yakaruka. Mzee Mutiso alikuwa amenikodolea macho kama mtu aliyemwona mbuzi akisoma gazeti.

Sasa ikaja kuonja. Kwetu kinywaji hakimfikii mgeni kabla mwenye nyumba hajakionja, ndiyo kumwonyesha kwamba hakuna sumu wala uchawi. Na huonji kwenye jagi mara moja ukamaliza, kwa sababu mwenye ubaya aweza kuupaka ndani ya kikombe. Unaonja kila glasi. Na si kuramba ukingo. Unameza fundo zima, mgeni aone koo likishuka, ndipo unampa kwa mikono miwili. Kazi hiyo ilikuwa ya Tsuma. Nikampelekea glasi ya kwanza.

Tsuma akarudisha mikono nyuma. "Dada, mimi nina presha na sukari. Daktari amenikataza mnazi ninaoujua, sembuse hiki nisichokijua? Kwenye ile ya posa nitatia midomo tu. Onja wewe."

Wageni wanatazama. Jua la saa sita na nusu. Ningeweza kusema tuache kuonja, watu wa bara wenyewe hawaijui desturi hiyo, wasingedai. Lakini nikawaza: watoke hapa waseme nyumba ile ilitutilia bila kuonja? Nikajiambia, kuonja si kunywa. (Maneno hayo hayo aliniambia yule wa kwaya, nami nikamwambia shetani naye alianza kwa kuonja.) Nikameza fundo.

Jamani. Lilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi, halafu likageuka moto, halafu likawa kama nimemeza manukato ya mtu. Mnazi fundo moja ni kama kumeza mate. Mimi nilimeza kwa kipimo cha mnazi, kwa sababu ndicho kipimo ninachokijua tangu nikiwa msichana namtilia babangu. Nikampa Mzee Mutiso kwa mikono miwili. Nikameza la ami wa kwanza. La ami wa pili. La msemaji. Machozi yalinitoka nikasingizia moshi.

Mzee Mutiso akaonja, akaonja tena. Akasema, "Mama. Mama! Hii nimeinywa katika hoteli kubwa kubwa, hii hapa imezishinda."

Mimi ni mtu asiyesifiwa. Watu huniogopa, hawanisifu. Neno lile lilinipanda kichwani kabla pombe haijafika. Nikasema, "Hiyo ndiyo ya kwanza tu, baba," nikakoroga jagi la pili.

Nikaja tena na mafundo manne. Hapo pazia la chumbani likacheza, na nikasikia mnong'ono wa Nyamvula, "Nyanya! Nyanya, hiyo si mnazi! Usimeze, tia midomo tu!"

Nikageuka nikalikaripia pazia. "Mwari hasemi kabla hajaitwa!"

"Nyanya, nakuomba, hiyo ni kali, tema!"

"Nyamaza! Unanifunza adabu za kwetu?"

Msemaji wao akacheka, akidhani ni mzaha wa kwetu. Mtu pekee aliyejua kazi ile, mwenye cheti cha kazi ile, alikuwa amefungiwa nyuma ya pazia kwa amri yangu. Nikakoroga jagi la tatu. Safari hii sikumbuki kama jagi lilitoa jasho, mimi nilikuwa nalitoa. Masikio yalikuwa ya moto, midomo sikuihisi, na jamvi lilikuwa limeshuka chini sana, nikawa nalikanyaga kwa kulitafuta. Mwanamisi akatoka jikoni na mwiko mkononi, "Dada, kaa chini kidogo, wali uko tayari, ule kwanza." Nikamwambia mimi sijachoka. Nadhani nilimwambia kwa kelele, kwa sababu mama Kelvin aliweka soda yake chini.

Tsuma akaona afadhali mambo yaishe haraka. Akasema glasi ya posa itiwe. Nikaitia, nikaionja (la kumi na tatu hilo, wenzangu, kwenye tumbo lisiloona hata chai), nikaifunika kwa kisahani na kuiweka juu ya kigoda katikati ya watu. Tsuma akamwita Nyamvula.

Akatoka amejifunga leso mpya, kichwa ameinamisha, akapiga magoti pembeni ya kigoda. Sijapata kumwona mzuri vile. Miguu ya mamake ile ile, na kile kidole gumba kilichopinda. Kelvin alikuwa anajifuta jasho kwa tai.

Tsuma akauliza, "Nyamvula, mwanangu, wageni hawa unawajua?"

"Nawajua, babu."

"Wamekuja na kinywaji chao. Tunywe?"

Akanyamaza, kama alivyofunzwa. Kimya cha adabu. Nilimfunza mimi.

"Nyamvula. Tunywe?"

Akanyamaza mara ya pili. Na ndani ya kimya kile, kabla Tsuma hajavuta pumzi ya mara ya tatu, nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Tusinywe!" Nikatazama nani kasema. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikafika kwenye kigoda, sijui kwa miguu ya nani. Nikaondoa kisahani. Tsuma akasema, "Dada, weka chini," na mimi nikaishika ile glasi, nikaipindua. Ardhi kavu iliinywa mara moja. Likabaki ganda la ndimu mchangani.

Laiti ningeishia hapo. Kinywa kilikuwa kimefunguka. Nikasema, na kila neno nalikumbuka, Mungu hakunisaidia hata kwa kusahau: "Aende Naivasha, mimi nibaki na nani? Na mbuzi? Nilimzika mama yake, nikabaki na huyu. Mnamchukua kama mnachukua kiti! Vidonge vyangu nani atanisomea? Nikifa usiku atajua nani, jogoo?" Nikalia. Si kulia kwa mtu mzima, nililia kwa kamasi, na kwa sauti, na kina mama wa kanisani wakiwa wamesimama na mikono yenye tui.

Nyamvula akainuka, "Nyanya, njoo tuingie ndani." Nikaukwepa mkono wake, nikajikwaa kwenye kigoda, na anayeniwahi nisianguke ni nani? Kelvin. Kwetu mkwe na mama wa msichana hawagusani hata mikono, na mama wa huyu ni mimi. Mtoto wa watu akanishika kwapani, leso yangu ikabaki chini, nikabaki na shimizi lenye kiraka mbele ya wazee wa watu, na yeye, kwa heshima zake zote za bara, akanibeba mikononi kama kifaranga akanipeleka ndani akanilaza. Nasikia nilimwambia mikono yake ina baridi kama friji. Hilo silikumbuka, na namshukuru Mungu kwa hilo moja.

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limefika dirisha la nyuma. Kimya. Nikatoka nimeshika ukuta. Turubai tupu. Wali wa Mwanamisi uko vile vile sufuriani, haujaguswa, umefunikwa kwa jani la mgomba. Wa kanisani wamekwisha kwenda zao. Nyamvula alikuwa amekaa kwenye karo anaosha zile glasi, moja moja, anaziinua kwenye mwanga kama wanavyofanya hotelini.

Tsuma peke yake alikuwa kibarazani na mkongojo wake. Nikamwuliza, "Wamesemaje?"

"Wangesema nini? Umemwaga."

"Nilikuwa nimelewa, Tsuma! Ungewaambia nimelewa."

"Niliwaambia. Mzee wao akasema hivi, nakupa kama alivyosema: 'Mzee, mtu akilewa huenda akatukana, lakini yule mama hakututukana. Alisema kilicho moyoni. Tumeuliza, nyumba imetujibu.' Akaniaga vizuri, akaondoka. Hana hasira. Ndilo lililo baya, dada. Angekuwa na hasira ningemtuliza."

Nikaenda kwenye karo. Nikasimama nyuma ya mjukuu wangu.

"Nyamvula."

"Bee, Nyanya."

"Yale maneno yalikuwa ya pombe."

Akaiweka glasi chini. "Nilikuuliza mara tatu, Nyanya. Una neno? Ukasema huna."

"Sina. Nenda. Mpigie simu umwambie baba yake arudi, tutauliza upya."

"Niende vipi?" Akageuka, na hakuwa analia, afadhali angelia. "Niende Naivasha nikalale nikikumbuka ulivyolia? Ungeniambia jikoni sisi wawili tu, tungepanga. Ungekuja nasi. Kelvin mwenyewe alikuwa ametafuta nyumba ya vyumba viwili, nilikuwa naogopa kukwambia, nikijua utasema huachi mbuzi wako."

Vyumba viwili. Mtoto wa watu alikuwa amenihesabu.

Nilipiga simu mwenyewe kwa Mzee Mutiso, siku ya tatu, baada ya kusali. Nikaomba msamaha, nikasema nimekosa mimi, msichana hakukosa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, nimekusamehe kabla hujapiga. Lakini siwezi kurudi kuuliza mahali nilipojibiwa. Binti mwenyewe akiniita, nitakuja, hata kesho." Kisha akasema (alikusudia kunifariji) kwamba martini ile hajaisahau. Nikakata simu nikaketi sakafuni.

Binti hajamwita. Nimemsihi, nimemkemea, nimemfukuza hata, nikamwekea nguo kwenye begi, akazitoa akazikunja. Anasema hakuna haraka. Kelvin alikwenda Naivasha peke yake, na nyumba ya vyumba viwili akaiachia. Uenyekiti nimeurudisha mwenyewe kabla hawajauomba, na nimekwenda kwa yule wa kwaya nikamwomba radhi mlangoni kwake. Hakunikaribisha ndani. Mimi pia nisingejikaribisha.

Nimeapa, na ninyi ni mashahidi: sitaonja tena, hata kwa mila, hata kwa heshima ya nani, na mgeni akija na chupa yake ajikoroge mwenyewe. Na neno likinikaa moyoni nitalisema nikiwa na akili zangu, kwa mwenye kuhusika, kabla wageni hawajaalikwa. Lakini kiapo ni cha kesho, hakigusi jana.

Juzi jioni Kelvin alipiga simu. Nyamvula akatoka nayo nje, akatembea mpaka kwenye ua, nikamwona mgongo tu. Nikazima redio nisisikie, au nisikie, sijui. Hakukaa sana. Akarudi, akaweka simu juu ya kabati, akavuta kibao cha mbuzi, akapasua nazi.

"Nyanya," akasema, "tupike nini leo?"

Nikachukua ungo wangu, nikakaa kando yake, nikaanza kupepeta mchele.